Majiwe ya Sigara ya Papa

Mtoto wangu wa mwisho alikaa bila jina mpaka watu wa Sake wakaanza kuniangalia vibaya. Mimi nashona nguo mlangoni pa nyumba yangu, karibu na njia inayopanda Masisi, na siku zile mtoto alikuwa analala kando ya cherehani ndani ya beseni nililolijaza vipande vya vitenge. Kila mteja aliyekuja kupimwa aliinama, akamtazama, akauliza, "Anaitwa nani?" Nilijibu, "Bado." Wengine waliguna. Mama mmoja aliniuliza kama mtoto hana baba. Nilimzungushia utepe kifuani, nikaukaza kuliko ilivyohitajika, akanyamaza.

Baba alikuwa naye. Bwana yangu yuko Walikale, ananunua dhahabu ndogondogo kwa wachimbaji, na anarudi nyumbani njia ikikubali. Shida haikuwa baba, shida ilikuwa babu. Katika ukoo wetu jina la mtoto halitolewi na aliyemzaa. Babu anampokea mikononi kwenye kizingiti cha nyumba yake, anamwambia jina lake sikioni, na hapo ndipo wengine wanalisikia. Baba mkwe wangu alikwisha kufa, kwa hiyo kazi ilimwangukia Papa, baba yangu, kule mlimani juu ya Bihambwe. Na Papa hakuweza kumshika mtoto wangu, kwa sababu Papa alikuwa moshi mtupu.

Sisemi kwa kumtukana. Tangu nipate akili sikuwahi kumwona bila kiko. Alilima tumbako yake nyuma ya nyumba, akaikausha chini ya paa la jikoni, akaivuta kitandani, shambani, hata nje ya kanisa siku ya Jumapili mahubiri yakiwa marefu. Koti lake lilikuwa linaingia nyumbani mwa mtu mbele yake. Mtoto wangu naye alizaliwa kabla ya wakati, kifua chembamba, anapumua haraka haraka kama mtu aliyefukuzwa. Muganga wa kituo cha afya alimsikiliza kifua muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama, huyu asipate moshi. Ya makala, ya kuni, ya tumbako, yote ni moja." Nilirudi nyumbani nikaitoa mbabula yangu, lile jiko la makaa, nje, mvua inyeshe ao isinyeshe. Mbabula nilikuwa na nguvu za kuihamisha. Papa ningemhamishia wapi?

Nilimpigia simu. "Papa, mutoto hatakuja huko mpaka kiko itoke."

"Basi muningojee kidogo," akasema. "Nitaiacha."

Nikamchokoza ili tusiachane vibaya. Nilimwuliza kama safari hii angetoa jina lake mwenyewe, maana wajukuu wote alikuwa amewapa majina ya marehemu, na kaka zangu walikuwa wamemwomba lake mpaka wakachoka. Aliwajibu wote jibu moja, na mimi pia alinijibu hilohilo: "Jina yangu ningali naitumia." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile nilikisikiliza mpaka mwisho.

Sikuamini kama angeweza. Juma lile la kwanza Mama ndiye alikuwa ananipigia. Papa amegombana naye juu ya chumvi. Papa amekata mkungu wa ndizi ambao haujakomaa. Papa ameamka, amezunguka nyumba, amekaa, ameamka tena. "Binti yangu," Mama akaniambia, "mumurudishie huyu mwanaume kiko yake ao mukuje mumuchukue." Nilicheka naye, lakini nilipokata simu sikuweza kuketi kwenye cherehani. Nilitoka mlangoni, nikaangalia chukudu, zile baiskeli za mbao, zinavyoteremka na makabichi, nikarudi, nikatoka tena. Tabia ya Papa ya kuzunguka nyumba ilikuwa imeniingia hata mimi.

Bwana yangu ndiye aliyeleta lile wazo. Alipita Goma, akaona watu kwenye baa wanavuta sigara ya kuran, yaani ya umeme, kile chuma kinachochemsha maji yake maalumu na kutoa mvuke. Akanunua moja, pamoja na vichupa vya maji yake, akaniachia alipokuwa anarudi Walikale. Nilimpelekea muganga akiangalie. Hakufurahi. Alisema hiyo si dawa, na hata mvuke wake usipulizwe karibu na mtoto, mzee aende nao nje, mbali. Lakini alisema kama ndiyo itakayomtoa kwenye kiko, afadhali. Nilichukua ile afadhali nikaondoka nayo.

Ila chuma kilikuja bila betri. Kinatumia betri moja ya kuchaji, nene kama kidole gumba cha mwanaume, na inanunuliwa kando. Bwana yangu alinipigia toka Walikale kuniambia nichague vizuri, halafu, kwa sababu yeye hajui kumtuliza mtu, akanieleza kwamba kwenye baa ileile mwanaume mmoja alikuwa ametia betri ya namna hiyo mfukoni pamoja na funguo, na suruali ikawaka moto mwilini mwake. "Si kitu ya kucheza nayo," akasema. "Radio inakunywa kuran kidogokidogo. Hii sigara inaivuta yote mara moja. Betri mubaya itapata joto mukononi mwa muzee."

Nikamwuliza, sasa mimi mshona nguo nitajuaje ipi nzuri?

"Pima uzito," akasema. "Za uongo ni nyepesi. Ndani wanatia kadude kadogo, nafasi ingine wanajaza unga. Muzani yangu ya zamani iko chini ya kitanda."

Nilikwenda sokoni na mzani wa dhahabu. Ni ule wa mkono, sahani mbili ndogo zinazoning'inia kwa nyuzi, na bwana yangu alikuwa anautumia kabla hajapata ule mpya. Muuza vitu vya simu alikuwa chini ya mwavuli wake, betri amezimwaga ndani ya karai kama samaki wadogo wa sambaza. Nyingine ganda lake la plastiki limechanika, nyingine zina kutu, nyingine zinaonekana zilitolewa ndani ya kompyuta zilizokufa. Nikamwuliza zipi ni nzuri. Akasema zote orijinali. Akaniokotea moja yenye namba kubwa ubavuni, namba ndefu ya kumtisha mtu, akasema hiyo ndiyo mama yao, ina nguvu kuliko zote.

Nikatoa mzani. Nikaweka ile mama yao upande mmoja, na upande wa pili nyingine yenye namba ndogo ya adabu. Mama yao akapanda juu. Nikabadilisha, nikajaribu nyingine, nikajaribu nyingine tena. Kadiri namba ilivyokuwa kubwa ndivyo betri ilivyokuwa nyepesi. Watu wakaanza kusimama. Huko kwetu mtu akiona mzani ule anafikiri dhahabu tu, na mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini naileta toka shimo gani.

"Mama, unaniharibia soko," yule muuzaji akasema. "Hii ni betri, si dhahabu."

"Ingekuwa dhahabu nisingepima hivi," nikamwambia. "Dhahabu hailipuki mufukoni mwa Papa yangu."

Aliniangalia, akaangalia watu, akauliza ni ya kazi gani. Nilimweleza yote, na mtoto, na kifua, na kiko. Sijui kwa nini nilimweleza, nilikuwa nimechoka kuibeba habari ile peke yangu. Akainama chini ya meza akatoa kisanduku kilichofungwa, ndani betri zimelala kila moja na nafasi yake, ganda zima, hazina mkwaruzo. Zile anawawekea watu wenye tochi kubwa, akasema, wale wanaorudi kumpiga kama tochi imezima. Nikazipima hizo. Zilikuwa nzito, na zilikuwa sawasawa kati yao, sahani zikasimama bila kuyumba. Nikachukua mbili.

"Kumbe unajua hii mambo," akasema.

"Sijui hata kidogo. Niko na muzani tu."

Sasa nieleze jambo moja juu ya Papa na betri, maana bila hilo hamtanielewa. Betri za radio kwetu tunaziita majiwe, na Papa alikuwa fundi wa majiwe wa mlima mzima. Nilipokuwa mdogo, majiwe mapya yalikuwa shida kupata, kwa hiyo watu walimletea yaliyoisha. Aliyauma matako kwa meno. Aliyapanga juu ya bati yapigwe na jua. Siku za mvua aliyalaza kwenye jivu la moto jikoni, kama mtu anavyochoma mbatata, na mimi nilikuwa natumwa kuyageuza. Akiyagusa kwa ulimi alijua yamefika. Jioni radio zilikuwa zinaongea mlima mzima, na watu walimwita Papa muganga. Alikuwa na neno lake alilomwambia kila aliyeleta: "Haikufa. Inasikia baridi tu."

Kwa hiyo nilipompandishia chuma chake na betri, nikiwa nimemwachia dada yangu mtoto kwa siku ile moja, kitu cha kwanza Papa alichofanya ni kuitoa betri na kuipeleka kwenye ulimi. Nilimnyang'anya. Ndiyo, nilimnyang'anya baba yangu mzazi kitu mdomoni, Mama akaziba uso kwa kitenge.

"Papa, hii si jiwe ya radio. Hii hawaume, hawaweke kwa jua, hawapashe kwa jiko. Usitie mufukoni na funguo ao na pesa. Ikae kwa hiki kisanduku ya sabuni, ifungwe. Ikiisha, imeisha, unaiacha."

"Mimi nilianza kuponya majiwe ungali haujaota meno."

"Papa."

"Nimesikia."

"Hawapashe kwa jiko."

"Nimesikia."

"Na kiko?"

Alinyanyuka, akachukua kiko kwenye dirisha, akakitundika kwenye msumari juu ya mlango wa chumba, mahali ambapo mtu yeyote anayeingia atakiona. "Vyote viwili nimesikia," akasema. Alikuwa amekonda. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu cha kufanya, inashika goti, inaachia, inashika kofia. Nilimwonea huruma, na huruma ikanikasirisha, kwa sababu nilikuwa nimepanda kule kuwa mkali.

Kule juu hakuna umeme, na paneli yao ndogo ya jua inatosha simu tu. Kwa hiyo tulipanga hivi: betri moja inakaa kwa Papa, nyingine inakaa kwangu Sake inachajiwa, na motar, mwendesha pikipiki anayebeba mbatata za kaka yangu, anapandisha iliyojaa na kuteremsha iliyoisha, ndani ya kisanduku chake cha sabuni. Nilimwapisha motar yule kwamba hatakifungua. Alinitazama kana kwamba nimemkabidhi mifupa ya watu.

Kuchaji ndiko kulikonitoa roho. Niliiweka chaja sakafuni kwenye simenti, mbali na vitambaa, mbali na kitanda, na sikutoka nyumbani mpaka taa yake igeuke kijani. Nilikuwa nashona mshono mmoja, naamka, naigusa. Ina joto? Kidogo. Kidogo ni sawa ao si sawa? Narudi, nashona, mshono umepinda, nafumua. Majirani walikuja kupiga domo nikawajibu nusunusu. Bwana yangu akipiga simu aliniuliza habari za mtoto, nami nilimjibu habari za betri. "Uliolewa na mimi ao na hiyo chaja?" akaniuliza. Nilimwambia chaja angalau inakaa nyumbani. Hakunipigia kwa muda baada ya hapo.

Lakini ilikuwa inakwenda. Mama alisema Papa sasa anatoka nje kila mara, anasimama chini ya migomba na mvuke wake, anarudi mtu mzuri. Aliosha koti mwenyewe. Mama akachoma tumbako yote iliyobaki chini ya paa, mbali, kwenye shamba, naye Papa akasimama upande ambao upepo hautoki, moshi umpitie mara ya mwisho. Asubuhi hakohoi tena mpaka majirani waamke. Na mtoto naye akawa anajaza kifua. Muganga akamsikiliza, akaniambia anaweza kupanda mlima, kama kule hakuna moshi. Nikamwambia hakuna. Nilisema kwa kujivuna.

Tukapanga siku. Halafu njia ikafungwa.

Sina haja ya kueleza njia ilifungwa kwa nini, huko kwetu inafungwa na inafunguliwa, na mtu akikuuliza sababu unajua si mtu wa huko. Motar hakupanda. Kisanduku cha sabuni kilikaa kwangu juu ya kabati na betri iliyojaa ndani yake, na ile ya Papa nilijua imeisha, tena imeisha zamani. Mvua ilikuwa inanyesha bila kupumzika, kwa hiyo hata simu zao hazikupata jua, na kila nilipopiga yule mwanamke wa ndani ya simu aliniambia haipatikani. Sikula vizuri. Nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikiuliza kila aliyeteremka: juu iko aje? Wengine walisema sawa. Wengine walisema bado. Nilimfikiria Papa na msumari ule juu ya mlango. Kiko kiko pale, kinamwangalia. Tumbako hana, lakini tumbako jirani gani hana? Nilijua atashindwa. Nilimkasirikia hata kabla hajashindwa.

Njia ilipofunguka sikungoja mtu anithibitishie. Nilimfunga mtoto kifuani, nikamfunika na kitenge kizito, nikatia kisanduku kwenye mfuko, nikapanda pikipiki. Manyunyu yalitufuata njia nzima. Kwenye vizuizi nilinyamaza, mahali pabaya nilishuka nikatembea, na nilimwambia motar aharakishe, kisha nikamwambia apunguze, mpaka akaniuliza nataka nini hasa. Nilitaka kufika jana. Nilikuwa nasikia pumzi ya mtoto kwenye ngozi yangu, fupi lakini safi, nikawa naihesabu bila kutaka.

Tulipofika kwenye uzio wa miti wa nyumbani kwetu, niliisikia harufu. Moshi. Si moshi wa kuni tu, ulikuwa na uchungu ndani yake, ule unaokamata koo. Ulikuwa unatoka jikoni, na Mama alikuwa mlangoni pa jiko na ndoo mkononi. Papa alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, ametia mkono wake wa kuume ndani ya beseni la maji. Sikuangalia mkono. Nilimfunika mtoto uso, nikarudi nyuma mpaka nyuma ya pikipiki.

"Leo," nikasema. "Papa, leo yenyewe. Umevumilia mpaka leo, halafu leo ndiyo unavuta."

Aliuzamisha mkono zaidi ndani ya beseni.

"Nilikupatia kila kitu. Nilipima hata kwa muzani ya dhahabu. Watu walinicheka sokoni juu yako. Mutoto huyu hana jina juu yako, kila mutu ananiuliza, na mimi najibu bado, bado, na wewe unashindwa na jani ya shambani." Sauti yangu ilikuwa imepanda, mtoto akaanza kulia. Nikamwambia motar ageuze pikipiki.

Mama akaweka ndoo chini. Hakuwa na haraka. Akanifuata, akanyoosha mikono. "Nipe mutoto," akasema, "nimupeleke kule kwa migomba, upepo iko inatoka kule. Wewe ingia uangalie musumari."

Sikutaka kuingia. Niliingia. Kiko kilikuwa pale kilipotundikwa. Nilikishusha, nikatia kidole ndani ya kibakuli chake, kikatoka na utando wa buibui. Kilikuwa baridi kama kijiko. Nilisimama nacho pale mlangoni, na nilitamani sana nisikie harufu ya tumbako mahali popote ndani ya nyumba ile ili niwe nimesema kweli. Hakuna. Palikuwa na harufu ya sabuni na ya mvua.

Nikatoka, nikaenda jikoni. Jivu lilikuwa limetawanyika, na jiwe moja la jiko lilikuwa na alama nyeusi, mpya. Ukutani udongo ulikuwa umeungua. Na uani, karibu na kigoda cha Papa, ndani ya tope, nikaiona betri yangu nzito, au kilichobaki. Ilikuwa imefunguka upande mmoja, ndani yake imetoka kama hindi lililopasuka motoni. Zile nyepesi za uongo pengine zingefuka tu zikanyamaza. Hii ilikuwa nzuri, na nguvu iliyokuwa imebaki ndani yake ililipuka yote.

Nilichuchumaa mbele ya Papa. Nikautoa mkono wake majini. Kiganja kizima kilikuwa kimebabuka.

"Ilianza kulia," akasema, "kama sufuria. Ilikuwa karibu na kuni za Mama yako. Nikaishika, nikaitupa."

"Papa, si nilikukataza kuipasha?"

"Ulinikataza."

"Sasa?"

Aliangalia upande wa migomba, ambako Mama alikuwa anamtikisa mtoto. "Leo asubuhi motar moja alipita, akasema njia inafunguka. Nikajua utakuja. Na mimi mwili ilikuwa inaniwasha, kichwa, mikono, yote. Jirani alikuwa amenipa tumbako, iko pale, ndani ya kofia, angalia." Niliangalia. Ilikuwa pale, imefungwa kwenye jani la mgomba, haijafunguliwa. "Nikasema, huyu binti yangu alinikataza vitu mbili. Siwezi kushika zote mbili leo. Moja nikivunja itamuumiza mutoto. Ingine nikivunja itaniumiza mimi." Akarudisha mkono ndani ya maji. "Nikafikiri inasikia baridi tu."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kama watoto wanavyolia, na kamasi. Papa alinipiga kichwani taratibu kwa mkono wake mzima, akasema nitamtia mtoto homa na hayo maji yangu.

Tulingoja upepo usafishe jiko. Mama alimpaka mkono wake asali, nami nikasema ateremke nami Sake muganga amwone, na safari hiyo hakubisha. Moshi ulipoisha, Papa alivaa koti lake lililooshwa, akasimama kwenye kizingiti. Mkono mmoja haukutosha kumshika mtoto, kwa hiyo alimlaza kwenye ule wa kushoto, nami nikasimama karibu nikiweka mikono yangu chini. Ndiyo maana nililisikia jina, ambalo mama hasikii kabla ya wengine. Papa aliinamisha kichwa, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akamwambia jina lake mwenyewe.

Nilimtazama. Nilitaka kumwuliza kama sasa halitumii tena, kama anajua kitu ambacho sisi hatujui, kama mkono ule unamwuma kuliko anavyosema. Hakunipa nafasi. Alilitangaza mbele ya Mama na motar, akanirudishia mtoto, akafuta kizingiti kwa mguu.

"Ile ingine uko nayo?" akauliza.

Nikatoa kisanduku cha sabuni. Nilimtilia betri ndani ya chuma mimi mwenyewe, maana mkono mmoja haukuweza, akatoka nacho kwenye manyunyu mpaka kwenye migomba ya mwisho wa uzio, mbali, kama muganga alivyosema. Nilikaa kwenye kigoda chake na mtoto mapajani. Mama akaja, akainama juu yetu, akajaribu jina lile mdomoni mwake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kama mtu anavyomwita mtoto.

Na kule nje, chini ya migomba, Papa akaitika.